Mgomo Hulipwa na Nani?



Katika barua zilizofika mezani petu tangu toleo lililopita, zaidi ya moja zauliza swali lile lile, nalo ni hili: Ikiwa tumeandika na kuandika tena, na majibu hayaji, kwa nini nasi tusiweke kalamu chini kama walivyofanya wenzetu wa hospitali na wa vyuo? Wenye kuuliza hivyo si watu wa fujo. Ni makarani wenye akili zao, wengine wamekaa kazini miaka mingi, nao wameandika kwa adabu. Basi haifai tuwajibu kwa maneno mawili, wala haifai tuwapuuze. Yatupasa kuwajibu kama karani ajibuvyo, yaani kwa kufungua daftari na kuhesabu.

Kwanza twataka ieleweke kwamba hatuandiki haya ili kumpendeza mkubwa yeyote. Haki ya kugoma si zawadi ya mtu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki hiyo, na kifungu cha 37 champa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Msomaji asitafute humu neno la kumkataza yale ambayo sheria imempa. Walakini kuwa na haki ni jambo moja, na kujua bei yake ni jambo jingine. Mwenye shoka ana haki ya kuukata mti wake. Lakini akiwa ni mtu mwema, kabla hajaukata hutazama utaangukia wapi.

Daftari la mgomo lina kurasa mbili, na wengi husoma mmoja tu. Wakubwa husoma ukurasa wa hasara. Siku ya mgomo au ya maandamano, jua halijatua, tumekwisha kusikia mabilioni yakitajwa, wala hatuonyeshwi ni karani gani aliyeyajumlisha. Viongozi wa vyama nao husoma ukurasa wa faida, wakatuambia kwamba hakuna haki iliyopatikana bila ya kugoma. Sisi twataka kuzisoma kurasa zote mbili, na twaanza na habari ya zamani, kwa kuwa ya zamani imekwisha kufungwa hesabu.

Tarehe 13 Januari 1947 mji wa Mombasa ulisimama. Watu wapatao 15,000 hawakwenda kazini. Hawakuwa wachukuzi wa bandari peke yao. Walikuwamo watu wa reli, watu wa mahoteli, watu wa maofisi, hata watumishi wa nyumbani. Walikuwa wakikusanyika katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, wakasikilizana humo. Mgomo ulikwenda siku 12. Bwana Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, alikwenda kusema nao, ndipo wakarejea kazini kwa ahadi kwamba madai yao yatasikizwa na baraza la uamuzi. Baraza hilo, chini ya Jaji Thacker, likaja kutoa nyongeza ya mishahara. Hiyo ndiyo faida, nayo haikuwa ndogo. Lakini Bwana Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, akapelekwa Kabarnet, akakaa huko kizuizini miaka mingi. Na hiyo ni sehemu ya hasara.

Hata hivyo, habari hii ina mwanzo wake, nao wengi huusahau. Wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamekwisha goma mwaka 1939, na tume ikaundwa, ikaandika ripoti juu ya hali yao ya kazi na makazi. Mwaka 1945 Bwana Arthur Phillips akafanya uchunguzi mwingine, naye akaandika ripoti. Karatasi zilikuwapo, zimepigwa chapa na kutiwa kabatini, huku bei za vitu zikipanda kwa ajili ya vita na mshahara ukibaki nyuma. Basi tukiuliza mgomo wa 1947 ulianza lini, jibu la kweli si tarehe 13 Januari. Ulianza siku ile ripoti ya kwanza ilipofungiwa kabatini. Msomaji na alishike neno hili, maana tutalirudia.

Sasa tuje katika siku zetu wenyewe. Mwezi wa Juni mwaka 2013 chama cha madaktari na wizara walitia saini mkataba juu ya mishahara na hali ya kazi. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu, mkataba haukutekelezwa. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za serikali, wapatao 5,000, wakagoma. Siku ya kwanza tu, wagonjwa zaidi ya 100 walitoka wenyewe katika hospitali ya Mathari, Nairobi, wanakotibiwa wenye maradhi ya akili. Tarehe 13 Februari 2017 viongozi 7 wa chama hicho wakafungwa kwa kutoitii amri ya mahakama, na siku mbili baadaye Mahakama ya Rufani ikawafungua ili mazungumzo yaendelee. Mapatano ya kurudi kazini yalitiwa saini tarehe 14 Machi 2017, siku ya 100. Na kabla miezi mitatu haijatimia, tarehe 5 Juni, wauguzi nao wakagoma, wakakaa nje hata mwezi wa Novemba.

Hebu tuulize, katika miezi yote hiyo ni nani aliyelipa? Si waziri, kwani yeye na jamaa zake wana njia ya kwenda hospitali ya kulipia. Si tajiri, kwani yeye hakuwa na desturi ya kupanga foleni katika hospitali ya kaunti tangu awali. Daktari alilipa kidogo, maana mshahara huzuiliwa, na deni la duka halingojei mapatano. Lakini alijua kwa nini analipa, na mwishoni alitarajia kupata kitu. Aliyelipa bila ya kujua, na bila ya kutarajia kitu, ni mama aliyepanda gari alfajiri na mtoto mwenye homa mgongoni, akafika akaona mlango umefungwa, akahesabu nauli iliyobaki, akaona haitoshi kumfikisha hospitali ya misheni iliyo mbele. Mama huyo hakuwa mezani mkataba ulipotiwa saini mwaka 2013. Hakuwa mezani ulipovunjwa. Wala hakuitwa mezani siku ya 100. Wahenga walisema: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi.

Katika jambo hili twapenda kuwa waangalifu, kwa kuwa hesabu ya vifo si kitu cha kutupiwa hewani ili kumtisha mtu. Wataalamu wa Kilifi, ambao kwa miaka mingi wameandika kuzaliwa na kufa kwa watu wa sehemu yao, walizitazama siku za migomo sita ya watumishi wa afya kati ya mwaka 2010 na 2016, wakazilinganisha na siku za kazi. Hawakuona kwamba vifo vya watu wote kwa jumla viliongezeka kwa kiasi cha kuthibitika. Lakini waliona dalili kwamba vifo viliongezeka kwa watoto waliopita mwaka mmoja na hawajafika mitano. Habari hii yatupa mafundisho mawili. La kwanza, wale wanaosema kwamba kila mgomo ni mauaji ya halaiki wasema wasichokithibitisha. La pili, wale wanaosema kwamba mgomo haumdhuru mtu yafaa wafikiri juu ya mtoto wa miaka mitatu. Mzigo ukitua chini hautui juu ya wote sawasawa. Humwangukia mdogo asiyeweza kusogea.

Na ziko gharama nyingine zisizoingia katika daftari lolote. Mwanamke aliyefukuzwa mlangoni mara mbili, mara ya tatu haji. Hungoja mpaka ugonjwa umekomaa. Mtoto wa shule aliyekaa nyumbani majuma matano hurudi, lakini mwenzake aliyekuwa shule ya kulipia yu mbele yake. Twayakumbuka ya mwaka 2015. Mwisho wa mwezi wa Juni mahakama iliamuru walimu waongezwe kati ya asilimia 50 na 60, nyongeza haikuja, mwezi wa Septemba walimu wakagoma, tarehe 18 mwezi huo serikali ikaamuru shule zifungwe, wabaki watahiniwa tu, mshahara wa Septemba wa walimu ukazuiliwa, na mwezi wa Novemba Mahakama ya Rufani ikaitangua ile nyongeza. Majuma matano ya masomo yakapotea, na mwalimu akarudi na mkono mtupu. Hapo ukurasa wa hasara ulijaa pande zote, na ukurasa wa faida haukuwa na mstari hata mmoja.

Tena twataka kusema juu ya kufunga miji, maana siku hizi mgomo wa kazini na maandamano ya barabarani vyatajwa kwa pumzi moja. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha, uliotaka kukusanya kodi mpya za shilingi bilioni 346. Wengi wao walikuja na maji na bendera tu. Siku ile Bunge liliingiwa, risasi zikapigwa, watu wakafa. Na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada ule. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wapatao 60 waliokufa katika maandamano ya Juni na Julai mwaka ule. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 2025, siku ya Saba Saba, polisi wenyewe ndio waliozifunga njia kuu za kuingia Nairobi, na wafanyakazi waliodamka kwenda kazini wakarudishwa au wakaenda kwa miguu. Na zaidi ya watu 30 walikufa katika sehemu mbalimbali za nchi.

Basi mtu akisema kwamba waandamanaji wameifunga nchi, na aseme ukweli wote: mara nyingine mwenye kufunga ni yule yule anayelalamika kwamba kumefungwa. Na aliye na duka lililovunjwa usiku na wezi waliojificha nyuma ya umati, naye ana kilio cha haki, wala asiambiwe anyamaze kwa sababu madai ya vijana yalikuwa mema. Mwuza mboga hana akiba ya siku mbili. Anachokinunua sokoni alfajiri hukiuza kabla ya magharibi, na faida ya leo ndiyo mtaji wa kesho. Njia ikifungwa siku moja, mboga zimenyauka na mtaji umekwenda. Ama wale waliokufa, hatuthubutu kuwaandika katika safu ya shilingi. Hakuna daftari lenye safu hiyo, na atakayeichora atakuwa amekosa adabu.

Baada ya kuzisoma kurasa hizi, wako watakaosema: Basi mmekwisha kuhukumu, mgomo ni mbaya. Sivyo. Tumesema kwamba gharama yake ni kubwa, na kwamba hulipwa na asiyekuwa mezani. Lakini hatujasema ni nani aliyeiandika gharama hiyo. Na hapa ndipo twarudi katika lile kabati la Mombasa.

Mwaka 2025, tangu tarehe 17 Septemba, wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma siku 49. Madai yao yalikuwa nini? Hayakuwa ndoto ya jana. Yalikuwa deni la shilingi bilioni 7.9 lililotokana na mkataba wa mwaka 2017 hadi 2021. Mwezi wa Novemba serikali ikakubali kulilipa kwa mafungu mawili, na wahadhiri wakarudi madarasani. Sisi twauliza kwa unyenyekevu: Ikiwa deni liliweza kukubaliwa siku ya 49, ni kitu gani kilichozuia lisikubaliwe siku ya kwanza, au mwaka mmoja kabla ya siku ya kwanza? Fedha hazikuota katika siku hizo 49. Kilichoota ni aibu na hofu. Wanafunzi walilipa siku 49 za maisha yao ili jambo lililokuwa la haki tangu mwanzo litambuliwe kuwa la haki.

Kadhalika madaktari. Katikati ya mwezi wa Machi mwaka 2024, miaka saba baada ya mapatano ya siku ya 100, waligoma tena, wakakaa nje siku 56. Katika madai yao lilikuwamo la malipo ya madaktari vijana walio katika mwaka wa mafunzo kazini, malipo yaliyokwisha kuandikwa katika mkataba wa mwaka 2017. Kadhalika walimu: mkataba wa mishahara wa mwaka 1997, uliofanywa uchaguzi ukiwa mlangoni, ulitekelezwa nusu tu, ukazaa mgomo wa 1998 na mgomo wa 2002. Kila mara twaona jambo lile lile. Saini hutiwa ili kelele zikome leo. Malipo huachiwa mwaka ujao. Mwaka ujao husema sikuwapo. Ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Deni lisilolipwa halifi, bali huzaa, na mtoto wake ni mgomo. Basi twasema wazi: sehemu kubwa ya gharama ya mgomo huandikwa na yule aliyeahidi huku akijua kwamba hatalipa. Siku ya mgomo ni siku ya kuletwa hati tu.

Neno hili lingetupendeza sana kama tungeishia hapa, kwa kuwa linamlaumu mwingine. Lakini uaminifu hauturuhusu. Yatupasa tugeuke tujitazame wenyewe.

Mkubwa akitia saini mkataba, saini ile haina miguu. Miguu yake ni sisi. Ni karani wa hesabu aiwekaye katika makadirio ya mwaka, au asahauye kuiweka. Ni karani wa masijala alitafutaye faili siku liliyotakiwa, au ajibuye kwamba halionekani, nalo li chini ya gazeti lake. Ni karani wa mishahara aonaye kwamba muuguzi amepandishwa daraja tangu miezi tisa na jina lake halijabadilishwa, akasema moyoni: atakuja mwenyewe kuuliza. Muuguzi huyo akija, huambiwa rudi Jumatatu. Jumatatu huambiwa mwenye ufunguo hayupo. Siku moja muuguzi huyo atasimama uwanjani na wenzake, ameinua tawi la mti, anaimba. Nasi tutachungulia dirishani na kusema, Tazama watu hawa wanavyoiharibu nchi. Je, hatukuwa tumemfundisha sisi kwamba barua haina faida?

Hatusemi kwamba karani ana uwezo wa waziri. Karani hawezi kutoa fedha zisizokuwapo, wala hawezi kuiamrisha Hazina. Lakini twajua sote, kwa kuwa sisi ndio tukaao humo, kwamba mambo mengi ya haki hufia katika meza zetu, si kwa uhaba wa fedha, bali kwa uhaba wa kujali. Na jambo dogo la mtu mmoja, likijumlishwa na dogo la mwenziwe, na la mwingine, huwa madai ya watu elfu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengi katika sisi tumeuona ufa ungali mwembamba, tukapita.

Sasa twalijibu swali mliloliuliza. Halmashauri haisemi kwamba tusigome kamwe. Inasema kwamba kabla hatujafika hapo, yatupasa kuyatimiza mambo matano, na lisilotimizwa moja lisifuatwe na jingine.

La kwanza, madai yaandikwe, yawe na tarehe, na nakala zake zihifadhiwe. Wazee wetu waliotangulia, kama Bwana Martin Kayamba na wenziwe waliounda chama cha watumishi Waafrika wa serikali mjini Tanga mwaka 1922, hawakuwa na nguvu nyingine kubwa kuliko barua iliyoandikwa vizuri. Karani asiyeweza kuonyesha barua sita zisizojibiwa hana haki ya kusema kwamba barua hazifai.

La pili, tudai kile kilichokwisha kuahidiwa kabla ya kudai kipya. Mwenye kudai deni la kweli husimama imara. Mwenye kuchanganya deni na matamanio humpa mwajiri wake mlango wa kutokea.

La tatu, notisi. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yataka notisi ya siku saba kwa maandishi. Sisi twataka zaidi: notisi iende kwa raia pia. Yule mama wa alfajiri na ajue kabla hajatoa nauli. Kumwarifu si udhaifu, ni adabu. Na mara nyingi raia aliyearifiwa huwa rafiki wa mgomo, naye aliyefungiwa mlango ghafula huwa adui wake.

La nne, waachwe walinzi kazini. Hakuna madai duniani yanayostahili mtoto mahututi afe mlangoni, wala wafungwa wakose maji, wala mzee wa pensheni arudishwe na njaa. Kila tawi na liwe na orodha ya kazi zisizoachwa hata siku moja, na orodha hiyo iandikwe sasa, wakati mioyo imetulia, si siku ile ya hasira. Na hakuna fimbo, wala jiwe, wala kumvua nguo mwenzetu aliyekwenda kazini. Mwenye haki hahitaji moto ili aonekane.

La tano, tujue mlango wa kutokea kabla ya kuingia. Ni nani atakayetia saini, kwa fedha zilizo katika makadirio gani, na tarehe gani italipwa? Mapatano yasiyo na majibu ya maswali hayo matatu tusiyashangilie. Ni kabati jingine tu la Mombasa.

Tena twaiomba serikali, kwa heshima, isikie neno moja kutoka kwa wale wanaoyaweka mafaili yake. Barua ya madai ijibiwe katika siku zake, hata kama jibu ni hapana. Hapana yenye sababu huvumilika. Kisichovumilika ni ukimya, na ukimya ni ghali kuliko nyongeza. Wala mkataba usitiwe saini kabla mweka hazina hajauona. Afadhali kuahidi shilingi moja na kuilipa, kuliko kuahidi kumi ambazo atazilipa mtoto wa Kilifi.

Mwisho, ndugu zetu, twaagiza kila tawi lilete orodha mbili katika mkutano ujao. Orodha ya kwanza iwe ya barua tulizoandika sisi na hazijajibiwa, pamoja na tarehe zake. Halmashauri itazichukua zote na kuzipeleka mbele. Orodha ya pili iwe ya barua walizotuandikia watu wengine, wauguzi, walimu, wazee wa pensheni, wajane, nazo zimo katika meza zetu mpaka leo. Hizo hatuhitaji kwenda kwa waziri. Zijibiwe kabla ya mkutano. Orodha ya pili ikija fupi, tutakuwa na uso wa kuisimamia ya kwanza. Na siku ikitulazimu kuweka kalamu chini, watu watajua kwamba kalamu hiyo ilikuwa ikiandika.